Mtoto wa Poland Aliyezikwa Kwetu

Ukitoka stesheni ya Makindu kuja upande wetu, unatembea kwanza juu ya mawe meusi. Si mawe ya kawaida yale. Wazee husema ni moto ulioganda, ulimwagika kutoka vilima vya Chyulu zamani kabla ya watu, na kweli ukiyatazama yana matundu matundu kama ukoko wa ugali ulioungua. Hapo huwezi kuchimba hata shimo la kupanda mchicha. Halafu ghafla mawe yanakwisha, unaanza udongo mwekundu, laini, wa kina, na mbele yake ni mto wetu mdogo na migunga yake. Hapo ndipo nilipoolewa. Nawaeleza habari ya mawe na udongo kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtoto wa watu wa Poland alizikwa katika shamba la mama mkwe wangu, na kwa nini shamba lile nusura lituponyoke.

Mimi mwenyewe si wa Makindu. Nilizaliwa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, kwa watu wa mbuzi. Nilisoma mpaka darasa la pili, baba akasema msichana akijua kusoma jina lake kwenye gunia yatosha. Nilivuka Athi nikiwa bibi arusi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikakuta nyumba ya mjane na mwanawe mmoja tu. Huyo mwana ndiye aliyenioa. Mjane nilimwita mwaitu, yaani mama yangu, kama tusemavyo kwa Kikamba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimsalimu alfajiri unaweza kujibiwa saa nne.

Mume wake alichukuliwa na vita ya Hitler. Kijiji chetu ni kidogo, hata kwenye ramani ya ukutani pale shuleni hakimo, lakini vita zilijua njia ya kukifikia. Vita ya kwanza ya Wazungu ilichukua wanaume kwenda kubeba mizigo Tanganyika, na kuna boma moja jirani ambalo hakurudi hata mtu. Ya pili ikachukua vijana kwenda Burma. Baba mkwe alikwenda na hao, akaacha mke na mtoto wa kubebwa mgongoni. Kilichorudi ni habari tu, kwa mdomo wa chifu. Kama ana kaburi, liko huko kwenye msitu wa watu wengine. Mimi sikumwona. Namjua kwa pengo aliloacha.

Sasa wakati vita inachukua wetu, treni ikaleta wengine. Mwaitu alinisimulia haya tukisuka vyondo, neno leo neno kesho, kwa hivyo msinishike kwa mpangilio. Alisema walishuka Makindu Wazungu ambao hakuna aliyewahi kuona mfano wao. Hawakuwa na bunduki wala boi. Walikuwa wanawake, watoto na wazee, nguo zimechakaa, watoto wamenyolewa vichwa kwa ajili ya chawa. Watu walitoka mbali kwenda kutazama Mzungu mwenye njaa. Wakawekwa kambini karibu na stesheni, wakisubiri kupelekwa mbele. Waliitwa Wapolandi. Mwaitu akapata kazi ya kuwafulia.

Kati ya hao alikuwako mama mmoja mwenye watoto wawili, msichana na mvulana mdogo. Mvulana akashikwa na malaria, na kwa mtoto aliyekwisha dhoofika vile, malaria haikuchukua muda. Sasa pale kambini maiti walizikwa kwenye yale mawe meusi. Unagonga sururu mpaka mikono inavuja damu, shimo halifiki magotini. Na fisi wa siku zile, jamani, si hawa wa leo wanaokimbia tochi. Yule mama alikuwa ameona kwa macho yake kaburi la mwenzake lilivyofukuliwa.

Akaja kwa mwaitu penye karai la kufulia. Hawakuwa na lugha moja. Alionyesha mawe, akaonyesha meno ya fisi kwa vidole vyake. Kisha akainama, akashika miguu ya mwaitu, akabandua ule udongo mwekundu uliokaukia hapo, akaufikicha kiganjani. Alikuwa anauliza unatoka wapi.

Basi mtoto akazikwa kwetu, kando ya mto, shimo refu la udongo mwekundu, na juu yake rundo la mawe. Mjue siku zile Mkamba hakuwa na mchezo na maiti. Mtoto mdogo wetu mwenyewe hatukumzika hivyo, sembuse wa mgeni. Aliyekasirika kuliko wote ni ndugu mdogo wa baba mkwe, ambaye mimi namwita baba mdogo. Boma lake lilipakana na letu. Alisema, "Unaleta mfu usiyemjua ukoo kwenye shamba la ndugu yangu? Ukiota mabaya usinililie." Mwaitu akachinja mbuzi wa kutakasa mahali.

Wapolandi wakaondoka, wakapelekwa Tanganyika. Siku ya kuondoka yule mama alikuja shambani, akapiga magoti, akachukua mkono wa mwaitu akauweka juu ya mawe ya kaburi, akaushikilia hapo, akisema maneno yake. Nilimuuliza mwaitu, "Alisema nini?"

Akasema, "Sikujua Kipolandi. Lakini mkono niliusikia. Alinipa mtoto."

Miaka ikapita. Habari ya Burma ilipothibitika, baba mdogo alitaka kumrithi mwaitu kama ilivyokuwa desturi. Alikataa. Ndipo uhasama ulipoingia, na uhasama wa ndugu haupoi, unafunikwa majivu tu. Nisimchafue sana lakini. Baba mdogo alikuwa mtu wa mzaha, mkarimu, akichinja mbuzi anawaita hata maadui wake wale utumbo. Shida yake ilikuwa moja: hakuwahi kuamini kwamba mwanamke aliyemkataa yeye anaweza kukaa peke yake na udongo mzuri hivyo.

Kisha serikali ikaja kupima mashamba. Tulikuwa bado chini ya Machakos wakati huo, na mji wa Wote, ambao leo ni makao makuu ya kaunti yetu ya Makueni, ulikuwa soko la kawaida tu. Wakachaguliwa wazee wa kamati kupita mpaka kwa mpaka wakisikiliza madai, na pale wanapokubali, panapandwa makonge kuwa alama. Watu hawakuwa na karatasi yoyote. Ushahidi ulikuwa mti wa babu, jiwe la kusagia la bibi, na zaidi ya vyote, kaburi. Ukiwa na mtu wako aliyelala kwenye udongo, udongo unakujua.

Baba mdogo akadai upande wote wa mtoni. Alisema ndugu yake alikufa, mjane alikataa kurithiwa, kwa hivyo udongo umerudi kwake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi, akamgeukia mwaitu. "Mama, wa nyumba yako aliyelala hapa ni nani?"

Mume yuko Burma. Wakwe wamelala upande wa baba mdogo. Mwaitu akanyoosha kidole kwenye lile rundo la mawe. "Ni mtoto wangu."

Baba mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto wako! Wazee, yule ni mtoto wa Mzungu! Labda shemeji aliingiliwa na mwezi, ndipo akazaa mweupe!"

"Una shahidi?" mwenyekiti akamuuliza baba mdogo.

Hakuwa naye. Waliochimba kaburi walikuwa wamekufa au wamehamia Shimba Hills, huko pwani. Likabaki neno lake na neno la mwaitu, na neno la adui katika kesi huwa jepesi. Wazee wakasema watarudi baada ya mavuno ya ndengu, kama baba mdogo hajapata shahidi basi wapande makonge kwenye mpaka anaoutaja mwaitu.

Nyumbani tukawa tunalala vibaya, tukihofu atampata. Bila ule upande wa mtoni tungebaki na kilima cha changarawe ambacho hata mbuzi hukipita wakienda kwingine. Mume wangu akawaza kwenda kutafuta kazi ya kuponda mawe barabarani. Mwaitu akaendelea kusuka kiondo chake.

Siku wazee waliporudi, asubuhi hiyo ilikuwa siku ya soko Makindu. Baba mdogo alikuwa amekwenda kuuza mbuzi, na wazee walikuwa wamekaa kwetu wakimsubiri, nami nawapa uji. Tukasikia gari. Gari kwetu! Watoto wakakimbia. Mlango ukafunguliwa, akashuka baba mdogo, kofia imekaa upande, uso unang'aa kama aliyepakwa samli. Nyuma yake akashuka mama wa Kizungu, mrefu, nywele zimeanza mvi, viatu vya kamba, amebeba sanduku dogo la mbao.

"Haya shemeji!" baba mdogo akamwita mwaitu. "Mtoto wako ana dada, mbona hukutuambia? Mkaribishe basi!"

Alikuwa amemkuta sokoni akiuliza kila mwenye kibanda habari ya kaburi la mtoto wa Kizungu. Wengine walimwelekeza kule kwenye hekalu la Makalasinga ambapo msafiri yeyote hupewa chakula, wakidhani ana njaa. Baba mdogo aliacha mbuzi wake bila hata kusema bei.

Yule mama alizungumza Kiswahili. Lakini kilikuwa Kiswahili cha mtoto, kimesimama pale alipokiacha alipoondoka Tanganyika akiwa msichana, kama nguo ya shule iliyowekwa kabatini. "Jambo mama," akamwambia mwaitu. "Mimi zamani mtoto hapa. Ndugu yangu kufa hapa. Mama yetu amekufa Uingereza, analala peke yake. Amesema, leta mtoto. Mimi kuja kuchukua yeye." Akagonga lile sanduku.

Nilimtazama mwaitu. Sitawadanganya, moyoni nilikuwa namwomba akane. Aseme tu hapa hakuna mtoto wa Mzungu, kaburi hilo ni la mwanangu, nenda ukaulize kambini. Ningekuwa mimi, ningesema. Wazee walikuwa wameshusha vikombe. Baba mdogo amekunja mikono, anangoja.

Mwaitu akaenda mpaka kwa yule mama, akamshika kidevu, akageuza uso wake kwenye jua. "Wewe ndiye uliyekuwa unakula chumvi mbichi jikoni kwenu," akasema. Kisha akamshika mkono akamwongoza mtoni. Sisi sote tukafuata. Akamwonyesha. "Huyu ni ndugu yako. Mwanangu, leta jembe."

Baba mdogo akapiga makofi mara moja tu. "Wazee, mmesikia kwa kinywa chake."

Mume wangu akaleta jembe na sururu. Aliinua jiwe la kwanza, la pili. Yule mama alikuwa amepiga magoti, mara akatazama juu, akaona wanaume wazima wamesimama na fimbo na machipukizi ya makonge yaliyofungwa kwa kamba.

"Hawa watu nini?" akauliza. "Ndugu zake?"

Mwenyekiti alikuwa mtu mkweli. Akamweleza, polepole, kwa Kiswahili chepesi: kwamba tunapima mashamba, kwamba huyu mama anasema ni pake kwa sababu ana mtoto hapa, kwamba mtoto akiondoka, hana mtu hapa.

Yule mama akamwambia mume wangu, "Ngoja." Akakaa chini kabisa, kwenye udongo, miguu mbele kama tunavyokaa sisi wanawake tukichambua kunde. Akaanza kutueleza kwao.

Alichukua kijiti akachora. Hapa mto, mwembamba, unapinda mara mbili. Hapa kinu cha maji cha kusaga ngano. Hapa mahali pameinuka kidogo, kanisa la mbao. Nyumba zote za magogo. Huku msitu wa miti yenye maganda meupe, na huku bwawa la matope ambako walikata udongo, wakaukausha, wakawasha moto. Mzee mmoja akakohoa, "Udongo unawaka?" Akaapa kwamba unawaka, na unapika. Juu ya mapaa, akasema, korongo hujenga viota, ndege wakubwa weupe wenye mabawa meusi, na baridi ikija wanakimbilia Afrika. Hapo hakuna aliyebisha. Tunawaona kila mwaka baada ya mvua, wakila nzige kwenye majani.

Kisha akasimulia vita. Kijiji kidogo kama chetu, akasema, watu wa shamba, hawakuwa wamegombana na mtu. Mwaka mmoja yakaja majeshi mawili, moja la Wajerumani kutoka huku, moja la Warusi kutoka huku, na nchi ikakatwa katikati kama mkate. Kwao kukaangukia kwa Warusi. Kipupwe kikali, kabla hakujapambazuka, askari wakagonga mlango: chukueni nguo, twendeni. Wakapandishwa magari ya kuburutwa kwenye theluji, kisha treni la mizigo. Bibi yao alifia njiani, wakamteremsha kando ya reli, treni ikaenda. Walipelekwa kukata miti huko ambako mate huganda kabla ya kufika chini. Baba yao hakurudi. Vita ilipogeuka waliachiliwa, wakashuka kusini na njaa yao, bahari, Mombasa, treni tena, Makindu. Na huko nyuma kijiji kikachomwa moto na lile jeshi lingine. Vita ilipokwisha mpaka ukahamishwa. Kijiji hakikutoka mahali pake, lakini kikajikuta katika nchi nyingine. Watu wengine waliwekwa hapo. Yeye hawezi kupewa ruhusa hata ya kutazama.

"Babu yangu analala pale," akasema, akigusa mahali pa kanisa kwa kijiti. "Sasa shamba ya mtu mwingine. Mimi sijui huyo mtu. Sijui kama anafagia. Mimi kila siku kuomba Mungu: huyo mtu awe mzuri." Akatazama lile kaburi. Mawe yalikuwa yamepangwa, hakuna jani. Mwaitu alikuwa akilipalilia kila msimu kabla ya kugusa mahindi yake mwenyewe, hilo nililiona kwa macho yangu tangu nilipoolewa.

Akafunga sanduku. Akamwambia mwenyekiti, "Huyu mtoto ya huyu mama. Mama yangu alimpa. Mimi nilikuwa hapa, niliona mkono. Sitaki kunyang'anya."

Baba mdogo akaruka. "Hapana! Wazee, Mzungu anagawa udongo wetu tena? Hata mfu wao? Mtoto hapewi akiwa kaburini!"

Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema kwetu Ukambani mwanamke asiyejaliwa watoto anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake, hakuna anayeuliza damu. Mwingine akasema hao ni watoto wanaopumua. Mwenyekiti akawanyamazisha kwa fimbo. Akamuuliza mwaitu, "Mama, mtoto akipokewa katika nyumba hupewa jina la nyumba. Asiye na jina si mtu bado. Huyu ulimpokea kwa jina gani?"

Mwaitu akajibu. Lilikuwa jina la baba mkwe wake, baba wa marehemu mume wake. Mwana wa kwanza, huyu mume wangu, alikuwa amepewa jina la babu mwingine aliyekufa vibaya, ili asisahauliwe. Hilo la baba mkwe wake lilikuwa limebaki. Akasema alilitamka juu ya shimo kabla udongo haujarudishwa, kwa sababu la Kipolandi lilimshinda mdomoni, na hakutaka mtoto aende kwa wazee bila kuitwa.

Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Mume wangu pia.

Baba mdogo akarudi hatua moja nyuma. Kwetu, mtu mwenye jina la baba yako ni baba yako. Hata awe mtoto anayetambaa, unamwita baba, humpigi, humtukani, unamwachia kiti. Kumfukuza aliyelala pale, angelazimika kusimama mbele ya wazee na kumkataa kwa jina. Na jina lilikuwa la baba yake mzazi. Tulimwona akitazama mawe, akatazama mto. Kisha polepole akavua ile kofia.

"Shemeji," akasema, "ungeniambia tangu siku ile."

"Hukuniuliza," mwaitu akamjibu. "Uliniuliza ukoo wake. Jina hukuuliza."

Mwenyekiti akakohoa, akasema wapande.

Wakati wanaume wanachimba vishimo vya makonge kutoka mgunga mpaka ukingoni, yule mama alibaki amekaa pale na mwaitu. Alimwomba amfundishe lile jina. Mwaitu akalitamka. Akalirudia, akalivunja. Mwaitu akamwambia hapana, ulimi chini, sauti ishuke mwishoni. Akajaribu tena. Nilikuwa nawapelekea chai nikawakuta bado wako hapo, mmoja anatamka na mwingine anafuata, mpaka likakaa sawa. Ndipo akainama juu ya mawe akamwita nalo.